Swichi ya Chipu ya Michoro Kwenye Kivinjari: Iwashwe au Izimwe?

Februari, joto la kaskazi likiwa limeganda katika vichochoro vya Langoni, hapa Lamu, mpwa wangu aliniletea laptopu yake akiwa ameishika kwa ncha za vidole.

"Mjomba, hebu iguse. Yanguruma kama boti ya Mokowe, na mwalimu namuona akikatikakatika."

Anasoma uhasibu kwa masomo ya video, kwa muda wa saa mbili hadi tatu kila jioni. Niliigusa chini, nikaondoa mkono. Nilipofungua mipangilio ya kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, nilikuta nilichokishuku: swichi inayokiruhusu kivinjari kutumia chipu ya michoro ilikuwa imezimwa. Nikamuuliza nani ameizima.

"Fundi. Alisema ikizimwa mashine inakuwa nyepesi."

Siku chache baadaye nikaitwa Shela, kwenye nyumba ya wageni, nimsaidie dada anayewapangia wageni vyumba. Kalenda yake ya wageni ilikuwa ikimetameta, na kila alipoteremsha ukurasa, mabaka meusi yalitokea juu ya majina ya watu. Hapo swichi ilikuwa imewashwa. Nilipoizima na kukifungua kivinjari upya, mabaka yakaondoka papo hapo.

Basi ni mashine mbili, swichi ileile, na majibu yanayopingana. Ndiyo maana watu wanapouliza mitandaoni kama iwashwe au izimwe, hujibiwa kwa kelele pande zote mbili, na kila anayejibu amejionea kwa macho yake. Nataka kueleza kinachofanyika nyuma ya swichi hii, kwa sababu nimeona mashine nzuri zikichoshwa bure kwa ushauri wa neno moja.

Tuanze na ukurasa wenyewe. Kivinjari hakipokei ukurasa ukiwa picha iliyokamilika. Kinapokea maagizo: hapa pana kichwa cha habari, hapa pana picha ya upana huu, hapa kitufe kibaki juu hata msomaji akiteremka. Kivinjari huyasoma maagizo hayo, hupima kila kitu kitakaa wapi, kisha huugawa ukurasa katika tabaka. Kila tabaka hukatwa vigae, na vigae hupakwa rangi. Mwisho tabaka zote hulazwa moja juu ya nyingine, ipatikane picha moja ya kujaza skrini.

Laptopu nyingi za mitumba tunazouziwa huku pwani zina skrini ya pikseli 1,366 kwa 768. Zidisha, utapata nukta zaidi ya milioni 1. Skrini ya kawaida hubadilisha picha mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo kivinjari kina milisekunde 16 na ushei kuandaa kila picha. Ukurasa ukiwa umetulia, hakuna cha kuchora upya. Lakini ukianza kuuteremsha, au ukifungua ramani na kuivuta huku na huku, hesabu inapanda hadi karibu nukta milioni 63 kwa sekunde. Kazi hiyo lazima ifanywe na mtu, na swichi inaamua ifanywe na nani.

Fikiria jahazi limetia nanga na korija hamsini za boriti za mikoko, yaani boriti 1,000. Nyumba inajengwa Mkomani. Kuna mafundi wanne. Kila fundi anajua kupima ukuta, kusoma mchoro, kuamua boriti ipi ikae wapi, kugombana na muuza chokaa na kubadilisha mpango mambo yakiharibika. Kando yao kuna wachukuzi mia tatu. Hakuna anayewaomba wapime chochote. Kila mmoja anachukua boriti yake, anapita kichochoro kilekile, anaishusha pale alipoonyeshwa, na wote wanatembea kwa wakati mmoja.

Prosesa ya kompyuta ni wale mafundi: viini vinne, labda vinane, kila kimoja hodari na kinaweza kazi yoyote. Chipu ya michoro ni wale wachukuzi: vikokotozi vidogo mamia, na kwenye kadi kubwa maelfu, vinavyofanya hesabu ileile rahisi juu ya nukta nyingi kwa pamoja. Kupaka rangi vigae na kulaza tabaka ni kazi ya boriti. Kusoma maagizo ya ukurasa na kuendesha programu zilizomo ndani yake ni kazi ya fundi.

Ukizima swichi, umewaambia wachukuzi wakae barazani na fundi abebe boriti mwenyewe. Atabeba. Ukurasa utaonekana, tena bila kasoro. Ila wakati anabeba, hapimi ukuta, na jasho linamtoka. Laptopu ya mpwa wangu ilikuwa na fundi aliyebeba boriti kuanzia magharibi hadi saa tatu usiku. Prosesa ikipata moto kupita kiasi hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na katika hewa yetu yenye joto, unyevu na chumvi, pamoja na feni iliyokwisha meza vumbi, hufika hapo upesi. Kwa hiyo video haikukatika kwa sababu ya mtandao, ingawa alikuwa amekwisha ongeza bando mara mbili akidhani ndiyo shida. Jambo hilo liliniuma, kwa sababu pesa ya mwanafunzi ilikuwa imekwenda mahali ambapo haikuwa na kazi.

Lakini yule fundi aliyeizima hakulitoa wazo lake hewani, na nampa haki yake. Kwanza, kuwaita wachukuzi kuna gharama. Kama boriti ni tatu tu, kuwakusanya na kuwaonyesha njia kunachukua muda mrefu kuliko kuzibeba. Ukurasa wa maandishi matupu, au kikasha cha barua pepe, hautakuonyesha tofauti kubwa swichi ikiwa juu au chini. Mtu aliyeizima, akafungua barua pepe, akaona mambo yanakwenda, ataondoka akiamini amefanya jambo la maana.

Pili, laptopu zetu nyingi hazina kadi ya michoro ya peke yake. Chipu ya michoro imo ndani ya prosesa na inatumia RAM ileile ya mashine, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Katika mashine ya gigabaiti 4, wazo la kuizuia lisile RAM linaingia akilini kwa urahisi. Tatizo ni kwamba vigae vilivyopakwa rangi lazima vikae mahali, yeyote aliyevipaka. Ukizima, vinaendelea kukaa kwenye RAM hiyohiyo. Anayetaka RAM yake irudi afunge vichupo (tabs) kumi na nane alivyovisahau, na aondoe viendelezi (extensions) asivyovitumia. Hapo ataona faida.

Tatu, kuna historia. Kabla ya mwaka 2011 kazi karibu yote ya kuchora kurasa ilikuwa ya prosesa. Machi mwaka huo Internet Explorer 9 na Firefox 4 vilitoka ndani ya mwezi mmoja, vyote viwili vikiwa vimeanza kuipa chipu ya michoro sehemu kubwa ya kazi hiyo. Wakati huo lilikuwa jambo jipya na lilileta matatizo mengi: vivinjari vilizimika vyenyewe, herufi ziliharibika. Ushauri wa kuzima swichi ulizaliwa katika miaka hiyo, na ulikuwa na maana. Kurasa za wakati ule nazo zilikuwa nyepesi. Vivinjari vya leo vimejengwa vikitarajia wachukuzi wapo, na kuchora kwa prosesa kumebaki kuwa njia ya akiba.

Sasa video, ambayo ina mambo yake na ndiyo inayowachanganya hata wanaojua kompyuta. Ndani ya chipu ya michoro kuna chumba kingine, tofauti na wale wachukuzi: saketi iliyotengenezwa kwa kazi moja tu ya kufungua video. Video haisafirishwi kama picha 30 kamili kwa sekunde, kwa maana hakuna bando lingetosha. Hubanwa kwa kanuni maalumu, iitwayo kodeki, na kompyuta lazima iibanue. Saketi ile hubanua kwa umeme kidogo sana, lakini inajua kodeki ilizoundiwa tu. Haiwezi kufundishwa mpya baadaye.

Kodeki ya H.264 ni ya zamani na inajulikana na karibu kila chipu utakayokutana nayo. VP9 ni ya Google, na YouTube huitumia sana. Kwa chipu za Intel, kizazi cha 7 cha prosesa za Core, kilichoanza kuuzwa mwaka 2016, ndicho kilichokuja na saketi kamili ya kuibanua. AV1 ni mpya zaidi. Intel waliiweka kwenye kizazi cha 11, mwaka 2020. Sasa chukua laptopu ya mtumba ya kizazi cha 2 au cha 3, ya mwaka 2011 au 2012, ambayo bado inafanya kazi vizuri. Swichi umewasha, draiva (programu ya kuzungumza na chipu) ni nzuri, kila kitu sawa, halafu unafungua video iliyobanwa kwa VP9. Saketi haiijui. Kazi inarudi kwa prosesa, na feni inaanza. Mwenye mashine anasema swichi haina maana. Swichi haikukosea. Video imekuja kwa lugha ambayo chumba kile hakikuwahi kufunzwa.

Kulijua hili si vigumu. Kwenye YouTube, bonyeza video kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague "Stats for nerds". Kwenye mstari wa kodeki utaona avc1, yaani H.264, au vp09, au av01. Kwenye mstari wa fremu, yaani picha za video, utaona ngapi zimedondoshwa. Wakati huohuo, kwenye Windows 10 au 11, fungua Task Manager, nenda Performance, chagua GPU (ndiyo chipu ya michoro), na utazame mchoro wa "Video Decode". Ukipanda video inapocheza, saketi inafanya kazi. Ukilala chini kabisa huku prosesa iko asilimia 80, fundi anabeba.

Kwa mashine ya zamani kuna kiendelezi kiitwacho h264ify, kinachoiambia YouTube itume H.264 pekee. Video inarudi kwenye saketi na mashine inapoa. Ila bando litaliwa zaidi kwa ubora uleule, kwa sababu VP9 na AV1 zinabana vizuri kuliko H.264. Anayelipia data kwa kipimo atachagua baina ya moto na pesa. Mimi ningeanza kwa kushusha ubora hadi 480, maana kwenye skrini ndogo somo la uhasibu husomeka bila shida.

Nirudi kwenye swichi, kwa sababu kuna maneno ndani yake ambayo watu huyapita. Kwenye Chrome imeandikwa "Use graphics acceleration when available". Hayo mawili ya mwisho yanasema: ikipatikana. Swichi ni ruhusa tu. Kuiwasha hakumleti mchukuzi ambaye hayupo.

Niliwahi kukaa saiba moja hapa mjini, ambapo kompyuta zilikuwa zimefomatiwa upya na Windows safi. Ramani ilikuwa inajivuta kwa vipande, video zinaruka, na swichi imewashwa kwenye kila mashine. Tulipofungua Device Manager, chini ya "Display adapters", jina lilikuwa "Microsoft Basic Display Adapter". Maana yake ni kwamba aliyefomati hakuweka draiva ya michoro. Windows ilikuwa inatumia draiva ya dharura inayoweza kuonyesha picha kwenye skrini na si zaidi. Wachukuzi mia tatu walikuwa nje ya mlango, na hakuna aliyekuwa na lugha ya kuwaita.

Draiva ni mkalimani. Kivinjari hakizungumzi na chipu moja kwa moja. Kwenye Windows, Chrome hupitisha maagizo yake katika tabaka la tafsiri liitwalo ANGLE, ambalo huyageuza yawe ya Direct3D, mfumo wa Windows wa kuchorea, na draiva huyageuza tena yawe lugha ya chipu iliyopo. Kila kampuni ya chipu ina draiva zake, na kila toleo lina makosa yake. Mkalimani akikosea neno, mchukuzi anaishusha boriti penye mlango. Kwenye skrini kosa hilo ndilo mabaka meusi, mistari, herufi zilizopasuka, dirisha jeupe tupu.

Waundaji wa vivinjari wanalijua hili vizuri kuliko sisi. Chrome na Firefox zina orodha za draiva zinazojulikana kuwa na kasoro, na zikiikuta draiva ya aina hiyo huacha kuitumia kwa kazi fulani, au hata kwa kazi zote, hata kama swichi umeiwasha. Chrome pia huweka kazi ya michoro katika mchakato wake wa pekee, ili draiva ikianguka isiuangushe ukurasa uliokuwa unajaza. Mchakato huo huanzishwa upya, na ukianguka mara kadhaa, Chrome huhamia kwenye kuchora kwa prosesa bila kukuuliza. Ukiona skrini imemulika mara moja kisha kila kitu kikawa kizito, huenda ndicho kilichotokea.

Kwa hiyo usiiamini swichi, tazama hali halisi. Kwenye Chrome andika chrome://gpu pale juu pa anwani, na kwenye Edge andika edge://gpu. Sehemu ya "Graphics Feature Status" itakuonyesha kila kazi: zenye "Hardware accelerated" ziko kwa chipu, zenye "Software only" ziko kwa prosesa. Chini zaidi kuna orodha ya hila ambazo Chrome imezitumia kukwepa makosa ya draiva yako. Mimi huisoma orodha hiyo kwa heshima, kwa sababu kila mstari ni kosa ambalo mtu alilifuatilia hadi akalipata. Kwenye Firefox andika about:support, teremka hadi "Graphics", na utazame mstari wa "Compositing". "WebRender" peke yake ni habari njema. "WebRender (Software)" maana yake prosesa inachora.

Mahali pa swichi yenyewe ni rahisi. Chrome: Settings, kisha System. Edge: Settings, kisha System and performance. Firefox: Settings, General, ushuke hadi Performance, uondoe alama kwenye "Use recommended performance settings", na swichi itajitokeza chini yake. Baada ya kuigeuza, funga kivinjari na ukifungue upya, la sivyo hakuna kilichobadilika. Wengi huisahau hatua hiyo, wakarudi kusema wamejaribu.

Na kama dirisha limekuwa jeusi kiasi cha kutoiona hata hiyo mipangilio? Firefox ifungue huku umeshikilia Shift, uchague Troubleshoot Mode, na itaanza bila kutumia chipu ya michoro. Kwa Chrome, bonyeza njia ya mkato kwa kitufe cha kulia, fungua Properties, na mwishoni mwa mstari wa "Target" acha nafasi kisha uongeze --disable-gpu. Chrome iwe imefungwa kabisa kabla hujaifungua kwa njia hiyo, na ukishatengeneza, yaondoe maneno hayo.

Swali linalobaki ni la Shela. Kuizima swichi kuliondoa mabaka, na yule dada aliridhika. "Basi tuiache hivihivi, kaka, inanitosha." Nilimwomba anivumilie. Kuzima kulikuwa kumetuonyesha kosa liko upande gani: si kwenye tovuti ya kalenda, si kwenye skrini, ni kwenye njia ya chipu. Hiyo ndiyo kazi nzuri kuliko zote ya swichi hii, kuwa chombo cha kupimia. Lakini nyumba ile huwapigia wageni simu za video kuwaonyesha vyumba kabla hawajalipa, na huwafungulia ramani kuwaonyesha njia ya kutoka gatini. Mashine ikiachwa vile ingelipa gharama ileile aliyolipa mpwa wangu.

Draiva yake ilikuwa ya miaka mingi nyuma. Windows Update ilidai kila kitu ni kipya, jambo ambalo hutokea, kwa hiyo tulikwenda kwenye tovuti ya aliyeitengeneza laptopu, tukaingiza namba ya modeli, tukachukua draiva ya michoro ya mwisho iliyotolewa kwa mashine ile. Nawasihi wasomaji wasipakue draiva kutoka tovuti zinazojidai kutafuta draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Nyingi huja na mizigo usiyoiomba. Tovuti ya aliyetengeneza laptopu, au ya aliyetengeneza chipu, inatosha.

Tukawasha mashine upya, tukairudisha swichi juu, tukafungua kalenda. Aliteremsha ukurasa kutoka Januari hadi Desemba na kurudi, taratibu, akiyatazama majina. Hakuna baka. Kama yangerudi, ningeizima swichi na kuiacha imezimwa bila majuto, kwa sababu zipo chipu ambazo waliozitengeneza wamekwisha acha kuzitolea draiva, na kwa hizo kuzima ndiyo dawa iliyobaki.

Ya mpwa wangu ilichukua dakika tano. Niliwasha swichi, nikatazama chrome://gpu, nikasafisha feni kwa brashi, nikampa. Jioni yake nilipita kwao, somo likiendelea. Alikuwa ameiweka laptopu mapajani, na nilimsikia mwalimu kutoka ukumbini.